Mwaka wa Propela

Filipo alikuja kunipa pole ya mume wangu Salumu wakati eda yangu imekwisha kitambo na wageni wa msiba wameacha kuja. Mjukuu wake alimshusha mlangoni kwangu hapa Kibaha, akamkalisha kwenye kiti cha sebuleni, kisha akatoka nje kutungoja wazee tuzungumze. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, tangu alipoacha ufundi akarudi kwao Maneromango kulima. Mwili ulikuwa umekonda lakini mikono ilibaki ile ile, mikubwa, yenye weusi kwenye kucha ambao naamini atazikwa nao. Tulimtaja marehemu kwa mema yake, nikamletea chai na muhogo wa kuchemsha. Akala kidogo, akafuta mdomo, akasema, "Shemeji, nina jambo la lile gari." Sikuuliza gari lipi. Nimepanda magari mengi katika maisha yangu, lakini lile gari ni moja tu. "Tulilishusha," akasema. "Ulipokuwa Kurui kwa mama. Tulitoa vile vipande vya mvule tulivyovibana juu ya ekseli, likarudi chini. Ndipo ile propela mpya ikatulia. Salumu alisema nisikwambie. Sasa mwenyewe ametangulia, nami sitaki kwenda nalo kaburini."

Nilimwambia si neno, Mungu amrehemu. Nikamfungia muhogo wa kula njiani. Lakini tangu aondoke nimekuwa na hasira mpya juu ya jambo la zamani, na umri huu si umri wa kuanza hasira mpya. Nilikuwa nimepanga kuandika kwanza habari za watoto wangu na habari za kuhamia huku. Zitangoja. Mwaka ule tulioishi Kisarawe, mimi na Salumu na gari la mjomba wake, ndio unaonikaa kooni, na nisipoutoa sitaweza kuandika mwingine wowote.

Gari lenyewe lilikuwa la jeshi, miongoni mwa yale ambayo Mwingereza aliyauza mnadani vita vilipokwisha. Dogo, gumu, lenye rangi ya majani makavu, na lililovuta kwa magurudumu yote manne. Mjomba Pazi, aliyemlea Salumu, ndiye aliyelinunua kwa korosho zake. Salumu akawa dereva. Filipo, aliyejifunza kazi kwenye gereji ya wamisioni, akawa fundi. Walikuwa wakibeba mpunga kutoka mabonde ya Janga na Ruvu hadi stesheni ya reli, na msimu wa korosho wakizunguka vijiji vya huku kwetu. Mvua ya kwanza ikawafundisha kuwa njia za bondeni zilichimbwa na malori makubwa: magurudumu ya gari letu yakiingia kwenye yale mashimo, tumbo lilikaa juu ya tuta la katikati, likatulia hapo kama kuku anayeatamia. Basi wakaliinua. Walitia springi za lori, na chini ya springi wakabana vipande vya mvule, hata gari likasimama juu kuliko watu wote. Watu wa boma walikuja kulitazama. Mjomba Pazi alishonesha kanzu mpya. Abiria waliposhindwa kupanda, Salumu aliingia jikoni akachukua kigoda changu, na kuanzia siku ile kigoda changu kikawa ngazi ya gari na mimi nikawa napika nimechuchumaa.

Lakini gari si miguu peke yake. Chini ya tumbo lake kuna bomba la chuma linalotoka kwenye giaboksi katikati hadi kwenye difu ya nyuma, wao wakiliita propela. Injini ikizunguka, propela inazunguka, na magurudumu ya nyuma ndipo yanapopata nguvu. Kila ncha ina kiungo kinachojipinda, krosi, ili gari likiruka bomba lisikatike. Lile gari lilipokuwa chini, propela ilikuwa karibu kulala. Lilipoinuliwa, propela ikawa mshazari kama ngazi iliyoegemezwa dari, krosi zikajipinda kuliko zilivyoumbwa, na bomba lenyewe likawa fupi, limevutika hadi mwisho. Hayo sikufundishwa na mtu. Chumba chetu kilipakana na baraza walikokaa kuzungumza, na kati yetu palikuwa na ukuta wa udongo ambao mchwa walikuwa wameula kwa ndani. Mtu akishusha pumzi barazani, mimi niliyekaa kitandani naisikia. Nimesikia habari za propela mwaka mzima kuliko nilivyosikia jina langu.

Mara ya kwanza ilipovunjika nilikuwamo garini. Tulikuwa Janga, nimekwenda kununua mchele mpya, na mpunga wa watu umepakiwa nyuma hadi juu. Salumu aliondoa gari kwenye tope, likanguruma, kisha chini ya miguu yangu pakalia kishindo kama mtu amelipiga debe kwa rungu. Kikafuata kingine, na kingine, hadi Salumu akazima injini. Filipo akaingia chini kwa mgongo, akakaa huko. Tuliona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa na kipande cha krosi mkononi, akakitazama kama mtu anayetazama jino lake lililong'olewa. Wakafungua propela wakaitoa, wakashusha mpunga wote ukabaki kwa wenyewe, nasi tukarudi polepole gari likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Mama mmoja wa pale alitupa kambale wa kukaanga wa kula njiani. Nilikula peke yangu. Wanaume wawili hao walikuwa tayari wameanza kubishana, na walibishana hadi Kisarawe.

Jioni ile Mjomba Pazi alikuja, na ile propela iliyovunjika ikalazwa juu ya gunia katikati ya baraza, watatu hao wakaizunguka kama maiti inayongoja kuoshwa. Nilikuwa napepeta mchele ndani.

"Tutafute nene," Filipo akasema. "Propela ya lori kubwa la jeshi. Zipo mjini kwenye vyuma chakavu. Ile haikatiki mpaka kiama."

"Unene si hoja," Salumu akasema. "Hoja ni jinsi ilivyosimama. Tunataka yenye krosi kubwa, tena yenye kipande kirefu cha kuingia na kutoka, ili gari likiruka na yenyewe irefuke. Ziko za namna hiyo. Mwenye duka la spea mjini amenionyesha picha."

"Picha! Na yenyewe iko wapi?"

"Inaagizwa."

"Kutoka Ulaya? Ikifika mimi nina wajukuu."

Mjomba Pazi aliwaacha wachoke. Alikuwa na desturi ya kutafuna tambuu huku wengine wanasema, kisha kutema na kukata shauri. "Propela mnayo," akasema. "Imekatika krosi, tafuteni krosi. Imekuwa fupi, kateni katikati, ongezeni kipande, mchomelee. Chuma ni chuma."

Nilitoka na sinia la wali na mchuzi wa kunde. Nikaliweka. Nikalitazama gari lililosimama pale uani, na kigoda changu kimeachwa chini ya mlango wake, nikauliza, "Kwani lazima liwe juu hivyo?"

Wote watatu walinawa mikono wakaanza kula. Kisha Mjomba Pazi akasema kwa upole sana, "Mke wa Salumu, pilipili umesahau."

Watu watadhani sasa nasema kuwa nilijua. Sikujua lolote. Niliuliza kwa ajili ya kigoda. Lakini ningejibiwa, ningeambiwa hata kuwa swali langu ni la kipumbavu na kwa nini ni la kipumbavu, huenda wao wenyewe katika kunijibu wangesikia walichokuwa wakikisema. Nilikwenda kuleta pilipili. Na Filipo ananiambia leo, nywele zetu zote nyeupe, kuwa walilishusha.

Shauri la mjomba ndilo lililofanywa kwanza. Propela ikakatwa, ikaongezwa kipande, ikachomelewa. Ilifungwa, gari likatembea, lakini lilitetemeka hata abiria wakishuka walisema bado wanatetemeka. Vikombe vyangu kwenye rafu vililia gari likiwa bado halijaingia uani. Filipo akaifungua, akaigeuza, akaifunga tena, akaipiga nyundo, akaifungia kipande cha risasi upande mmoja ili ilingane uzito. Haikusaidia. Kwenye kilima cha Kibuta, gari likiwa na akina mama wa sokoni na ndizi zao, ikakatika palepale ilipochomelewa. Salumu alirudi kwa miguu, viatu vimejaa udongo mwekundu, akakaa kitandani bila kunisalimu. Nilimletea maji ya kuoga. Akaoga, akala, akatoka barazani, na ukuta ukaanza kusema upya: nene, ndefu, ya kuagiza, ya lori, pembe, krosi.

Ni katika siku hizo ndipo alipokuja mtu mmoja wa baiskeli, muuza chumvi, aliyetoka vijiji vya Kurui. Aliegemeza baiskeli yake kwenye gari, akaniita pembeni. "Mama yako hajambo kwa kusema tu," akaniambia. "Miguu imevimba, pumzi inakatika. Anakuulizia. Anasema ana neno na wewe, uende akwambie mwenyewe."

Nilimwambia Salumu usiku huohuo wakati tunakula. Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu mbaya. Aliweka tonge chini, akanishika mkono. "Ijumaa," akasema. "Kesho nakwenda mjini kuchukua ile ya lori. Filipo akiifunga, Ijumaa nakupeleka mwenyewe, na mama tukimkuta hali mbaya tunamchukua kwenye gari tunamleta hospitali." Lilikuwa neno zuri. Nililiona kwa macho: mama yangu amekaa mbele, mto mgongoni, analetwa kama mke wa liwali. Nikangoja Ijumaa.

Propela ya lori ilikuja imebebwa na watu wawili. Ilikuwa nene kama paja. Filipo alikuwa na furaha ile ya mtu aliyeonewa na sasa ukweli umedhihiri. Alipiga mbinja kutwa nzima chini ya gari, akikata hapa, akitoboa pale, hadi ikakubali kukaa. Wakajaribu kwenda Ruvu na kurudi bila mzigo. Haikuvunjika. Mjomba Pazi akachinja kuku, tukala pilau, na Filipo akaambiwa na kila mtu kuwa ni fundi. Ijumaa ile gari halikwenda Kurui kwa sababu watu wa Janga walikuwa na mpunga ulionyeshewa, na mjomba alisema mwenye shida hutangulizwa. Nilitaka kuuliza mwenye shida ni nani. Salumu akasema, "Jumatatu."

Jumatatu, na mzigo, kwenye mchanga, Salumu alikanyaga mafuta. Propela ya lori haikukatika. Ilishika kama ilivyoahidi. Kilichosagika kilikuwa difu, ile nyumba ya meno katikati ya magurudumu ya nyuma, ambayo haikuwa imeumbwa kupokea nguvu kiasi kile. Gari lilirudishwa likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la watu. Jioni nilimsikia Filipo akisema ukutani, taratibu, kama mtu aliyezinduka, "Ukiimarisha mahali pamoja, panapofuata ndipo panapovunjika." Mjomba akaguna. Salumu akasema, "Nilisema." Filipo akasema, "Ulisema pembe, hukusema difu." Na wakaendelea. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda na nguo zangu nimezifunga kwenye kanga tangu Ijumaa.

Nilimwambia Salumu nitakwenda kwa miguu. Njia ilikuwa ile ile ambayo watu wa kwetu wameitembea tangu dunia iumbwe. Unalala Maneromango, kesho yake unafika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitembea siku ya kuletwa kwake kuolewa, na mama yangu alikuwa ameitembea pamoja nami, akiimba. Salumu akasimama. "Utatembea vipi, Zuhura? Watu watasema nini? Salumu ana gari na mkewe anakata pori kwa miguu!"

"Watasema kweli."

"Difu nimeshaipata. Iko mjini. Ni siku chache tu. Na safari hii naagiza propela yenyewe, ile ya picha, mjomba amekubali. Tutakwenda kwa raha. Subira yavuta heri, mke wangu."

Nikafungua nguo zangu nikazirudisha kwenye sanduku. Nimeyafikiri haya miaka yote. Kama gari lile lisingekuwapo, siku ile ya muuza chumvi ningefunga kanga yangu, na kesho yake ningekuwa njiani, wala pasingekuwa na mtu wa kunizuia. Gari ndilo lililonizuia. Halikwenda popote, limesimama uani magurudumu ya nyuma yamening'inia juu ya magogo, lakini kwa kuwa lilikuwapo, kwa kuwa lilikuwa karibu kupona kila siku, mimi sikuondoka. Mtu asiye na kitu hujua la kufanya. Mwenye kitu kibovu hungoja.

Difu ilikuja, haikuwa yenyewe, ikarudishwa. Ilikuja nyingine. Propela ya kuagiza ilikuwa njiani. Kisha ikawa bandarini. Kisha ikawa imefika lakini mwenye duka anataka vipimo tena, kwa sababu Salumu alikuwa amepima gari likiwa tupu, na gari likipakiwa springi hushuka, basi kipimo si kile. Wakapakia mawe, wakapima. Filipo akasema mawe hayatoshi. Nilikuwa nikisikia yote, na chakula nilichopika siku hizo sikumbuki kukionja. Nakumbuka chumba: sanduku la mbao, kitanda cha kamba, taa ya chemni iliyopasuka kioo, na harufu ya grisi iliyokuwa imeingia hata kwenye mto. Wakati huo mtu mwingine wa Kurui alikuja boma kwa shauri la shamba, akapita kunisalimu. Hakusema mengi. Alisema, "Bado anakungoja."

Kilichoniamsha si maneno yake. Ni maneno ya Salumu, jioni ile, barazani. Mjomba Pazi alikuwa ameuliza habari za mkwe. "Hajambo kidogo," Salumu akasema. "Wazee ndivyo walivyo, Mjomba. Leo miguu, kesho mgongo. Zuhura amekubali kungoja." Alisema bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayefikiria jambo jingine, na papo hapo akauliza kama krosi za propela mpya zitatiwa grisi kwa bomba au kwa mkono. Nilitazama ukuta ule. Nilikuwa sijakubali. Nilikuwa nimeombwa tu.

Sikutoroka. Baada ya sala ya alfajiri nilimwamsha nikamwambia ninakwenda. Alikaa kitandani, akajikuna kichwa, akasema, "Ngoja basi nikuazimie baiskeli, akupeleke mtu."

"Nimengoja," nikasema.

Nilipotoka uani Filipo alikuwa amekwisha kuingia chini ya gari. Alikitoa kichwa chake nje, akaniona na mzigo wangu. "Shemeji, waenda wapi?" Nikamwambia. Akafikiri kidogo. "Ulale kwa mama yangu," akasema. "Mwambie mimi mzima." Akarudi chini.

Mama yake Filipo alikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na misheni, sakafu imesiribwa vizuri, picha ya msalaba ukutani na mkungu wa ndizi umening'inia nyuma ya mlango. Nilifika miguu imevimba, jua linatua. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanitazama miguuni, akaenda kuchemsha maji bila kuuliza. Alinipa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, akanionyesha pa kusalia, akanitandikia mkeka safi ambao bado nauona rangi zake. Baadaye, akidhani nimelala, nilimsikia akimwambia jirani yake uani, "Ni mke wa yule rafiki yake. Ametembea kutoka Kisarawe, na wao wana gari." Jirani akauliza, "Gari lina nini?" Mama yake Filipo akasema, "Mimi nitajuaje? Mwanangu hajaja kunitazama tangu walinunue." Nililia pale mkekani, na sikulia kwa ajili ya mama yangu peke yake.

Nilifika Kurui mchana. Mama mdogo Mwanahawa, mdogo wake mama, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Aliponiona hakupiga kelele za furaha kama ilivyo desturi. Aliinuka, akaweka ungo chini, akanishika mabegani. "Umekuja," akasema. "Ingia. Lakini hasemi."

"Hasemi vipi?"

"Ulimi umefunga tangu juzi. Kabla ya hapo alikuwa akisema vizuri. Alikuwa akisema sana." Akanipokea mzigo. "Alikuwa na neno lake na wewe. Tukamwambia tuambie sisi, tutamfikishia. Akasema hapana, ni la Zuhura."

Mama alinijua. Hilo nalishika. Nilipoinama aliishika ncha ya kanga yangu, na mdomo wake ukaenda, ukaenda, na kikatoka kitu kama maji yanayochemka kwenye chungu kilichofunikwa. Nilimwekea sikio mdomoni. Nilimwambia majina: la baba, la shamba la minazi, la dada yangu aliyekufa mdogo, nikimtazama macho kama yatakubali. Nilimuuliza kama ni deni, kama ni wosia, kama nimemkosea. Alikunja uso. Alikasirika. Mama yangu, aliyekuwa mwepesi wa kucheka kuliko watu wote ninaowajua, alinikasirikia siku zake za mwisho kwa sababu sikuelewa. Mwisho akachoka akaniachia kanga. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikamkanda miguu, nikamgeuza. Juma moja halikuisha, akafariki asubuhi, mkono wake kwenye mkono wa Mwanahawa, mimi nimekwenda kisimani.

Mpaka leo sijui neno lile. Nimefika umri ambao yeye hakuufika, na kila mwaka hujaribu kulikisia kutokana na umri wangu mpya: nilipozaa nilidhani ni habari ya uzazi, nilipogombana na mkwe nilidhani ni habari ya wakwe, Salumu alipokufa nilidhani ni habari ya upweke. Huenda lilikuwa dogo tu. Huenda alitaka kuniambia kuku gani ni wangu.

Salumu alikuja matangani kwa baiskeli ya kuazima, vumbi hadi kwenye kope. Alimlilia mama kweli. Akarudi, mimi nikabaki hadi arobaini. Siku ya kisomo cha arobaini, watu wamekwisha kula na kutawanyika, ndipo tuliposikia mngurumo, na lile gari likaingia mpaka mbele ya nyumba. Propela ya picha ilikuwa imefungwa. Salumu alishuka amevaa shati safi, Filipo upande wa pili. Watoto wote wa kijiji walilizunguka. "Limepona," Salumu akaniambia, na uso wake ulikuwa na furaha aliyokuwa akiizuia kwa heshima ya msiba, ikimponyoka pembeni mwa mdomo. "Zuhura, huwezi kuamini. Kutoka Kisarawe mpaka hapa. Hata sauti."

Nilimuaga Mwanahawa. Nikajitwika mzigo wangu kichwani, nikapita mbele ya gari, nikashika njia.

"Zuhura! Panda!"

"Sipandi."

Alidhani ni hasira ya dakika. Akawasha gari, akanifuata kwa gia ya kwanza. Nilikuwa natembea pembeni penye nyasi, gari linakwenda kwenye mchanga sambamba nami, kwa mwendo wa kanga na makubazi. Sikuwahi kulisikia limetulia vile, wala sikuinua macho kuona kama limeshuka. Halikutetemeka. Halikugonga. Lilipita kwenye mchanga ule ule, kwenye mabonde yale yale, laini kama kinu kipya, na kila lilipovuka pabaya salama mimi nilizidi kuchukia. Ningependa livunjike. Ningependa lilale pale barabarani, nilipite. Salumu alitoa kichwa dirishani akanisihi, kisha akanisihi tena. Filipo alitazama mbele tu, kama mtu aliyeketi kanisani.

Baadaye nilisikia gari likisimama, mlango ukafunguliwa, na nyayo nyuma yangu. Salumu alikuwa amempa Filipo usukani. Alinifikia, akanyoosha mikono, akautoa mzigo kichwani pangu, akautwika kichwani pake. Tukatembea. Jua lilikuwa limeanza kupoa, na miguu yake, iliyozoea kukanyaga mafuta na breki, ilikuwa ikizama mchangani.

"Ungeniambia kuwa hali ilikuwa mbaya vile," akasema.

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Kila siku, Salumu."

Tulikwenda hivyo mbali, yeye na kanga yangu kichwani, gari likitufuata polepole nyuma. Watu waliotoka mashambani walitupisha, wakalitazama gari, wakamtazama yeye na mzigo, na mzee mmoja mwenye jembe begani akasimama kabisa. "Poleni," akasema. "Limewaharibikia wapi?"

"Shikamoo, mzee," Salumu akasema. "Halikuharibika. Ni zima. Sisi tunatembea."

Na akawajibu hivyo hivyo wote tuliokutana nao, mmoja mmoja, hadi Maneromango.